Kipakatalishi Kikuukuu na Runinga Mpya: Tusihukumu kwa Kutazama Tundu

Katika shule za Likoni, Kisauni na Changamwe si ajabu kukuta vitu viwili vikikaa chumba kimoja bila kujuana. Cha kwanza ni kabati lililojaa vipakatalishi vikuukuu, vizito, vyeusi au vya kijivu, vilivyotolewa na wafadhili au kununuliwa baada ya kutumika ughaibuni. Cha pili ni runinga mpya, pana na nyembamba, iliyotundikwa ukutani kwa michango ya wazazi. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake somo lililomo ndani ya hicho cha kwanza kwa kutumia hicho cha pili, hukuta tundu la huku halilingani na la kule. Basi kabati hufungwa, runinga huachiwa taarifa ya habari na mpira, na hukumu hutolewa: mashine hizi zimepitwa na wakati.

Nionavyo mimi, hukumu hiyo aghalabu hutolewa kwa pupa, na watu waliotazama kwa macho pasipo kugusa kwa mikono. Mashine nyingi zinazohesabiwa kuwa zimekufa zina uhai wa kutosha kumfaa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi hamsini. Kilichokosekana ni mkalimani wa kusimama baina ya zama mbili. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini vifaa hivi viwili havisikilizani, namna ya kuvipatanisha, na kwa nini jambo hili linaloonekana kuwa la mafundi ni la mwalimu na mwanafunzi kwanza.

Tarakilishi ya kubebeka si kitu cha jana. Mwaka 1981 kampuni ya Osborne ya Marekani iliuza mashine iliyoitwa Osborne 1, yenye uzito wa karibu kilo 11 na kioo cha inchi 5 tu. Kioo hicho kilikuwa kidogo mno hata watengenezaji wenyewe wakaacha mahali pa kuunganishia skrini nyingine ya nje. Kwa hiyo haja ya kuipa mashine ndogo uso mkubwa ilizaliwa siku moja na mashine yenyewe. Anayeunganisha kipakatalishi na runinga hii leo hafanyi jambo la ujanja wa vichochoroni, bali anafuata njia iliyokusudiwa tangu mwanzo.

Njia hiyo ilipata sura ya kudumu mwaka 1987, kampuni ya IBM ilipoleta utaratibu uitwao VGA. Tundu lake lina nafasi 15 za pini, zilizopangwa katika safu tatu za tano tano. Kuanzia miaka ya 1990 hadi baada ya mwaka 2010, vipakatalishi vingi vya ofisini vilikuwa na tundu hilo ubavuni au mgongoni. Mwishoni mwa mwaka 2002 ukatangazwa utaratibu mwingine, HDMI, wenye tundu dogo la pini 19, nao ndio uliotamalaki katika runinga za leo. Mnamo Desemba 2010 kampuni za Intel, AMD, Dell na Lenovo, pamoja na watengenezaji wa skrini wa Samsung na LG, zilitangaza kwa kauli moja nia ya kuiacha VGA. Intel na AMD zikautaja mwaka 2015 kuwa ukomo wa kuitia katika chipu zao. Tundu la VGA halikuondoka kwa kuharibika, liliondolewa kwa mapatano ya wafanyabiashara.

Je, nchini mwetu mashine hizi zilifikaje madarasani? Njia zilikuwa nyingi. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilizikarabati tarakilishi zilizokwisha kutumiwa na ofisi na kuzifikisha shuleni. Wafadhili wa ng'ambo walituma nyingine kwa makontena kupitia bandari ya Kilindini, na wafanyabiashara wakaleta zao. Mwaka 2013 taifa liliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Mradi ulipoanza mwaka 2016, watoto walipata vishikwambi, na shule zikapewa vipakatalishi vya walimu na projekta. Mradi huo ulikuwa wa shule za msingi za umma, na shule za upili hazikuwamo. Kisha mnamo Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo, na mashine nyingi zisizoweza kubeba toleo jipya zikatiwa alama ya uzee. Kwa hiyo kabati nililolitaja linaelekea kujaa zaidi, wala si kupungua.

Kwanza tujiulize: kipakatalishi kinapozeeka, ni kiungo gani kinachotangulia kufa? Kimojawapo ni kioo. Katika vipakatalishi vya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyuma ya kioo mlikuwa na mrija mwembamba wa taa, jamaa wa zile taa ndefu za darini mwa darasa. Mrija huo hupoteza nguvu kadiri ya saa unazowaka. Nyaya zinazopita kwenye bawaba nazo hukunjwa kila kifuniko kinapofunguliwa na kufungwa, mpaka zikakatika. Hapa pwani tuna adui wa ziada, nao ni upepo wa bahari wenye chumvi na unyevu, ambao hula shaba na bati polepole. Mwalimu huiwasha mashine, akasikia feni ikivuma na diski ikizunguka, lakini kioo kikabaki giza totoro. Hapo husema imekufa.

Kabla ya kutamka neno hilo, na achukue tochi aimulike kioo kwa upande. Akiona picha hafifu kama kivuli, basi tarakilishi i hai na inafikiri kama kawaida. Kilichozimika ni taa tu. Na hata asipoona kitu, bado tundu la nje huweza kufanya kazi, kwa kuwa njia ya picha iendayo kwenye kioo cha ndani si ile iendayo nje. Mashine ya namna hii ni mfano wa mtu aliyepofuka macho huku akili yake ikiwa timamu, na hakuna jamii yenye adabu inayomzika mtu kama huyo.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. VGA na HDMI hazitofautiani kwa umbo la tundu pekee. Zinatofautiana kwa lugha. Mkaaji wa pwani ataielewa tofauti hiyo upesi akifikiria maji ya bahari. VGA hupeleka rangi tatu, nyekundu, kijani na samawati, kwa nguvu ya umeme inayopanda na kushuka baina ya sifuri na sehemu saba za kumi za volti, mfano wa maji yanavyojaa na kupwa bila kituo. Huo ndio mfumo wa analogi. HDMI haipeleki maji yenyewe, bali hupeleka jedwali la maji: tarakimu zinazosema saa fulani kina kilikuwa kiasi fulani. Huo ndio mfumo wa dijitali. Kwa hiyo waya mtupu wenye ncha ya VGA upande mmoja na ncha ya HDMI upande wa pili haufai kitu. Pini zitaingia, lakini maneno hayatafahamika.

Wakenya tulikwisha kuupita mtihani kama huu. Mwaka 2015, matangazo ya runinga ya analogi yalipozimwa nchini, runinga kuukuu za majumbani hazikutupwa zote baharini. Watu walinunua ving'amuzi. King'amuzi kilipokea mawimbi ya dijitali na kuyafasiri kwa runinga iliyojua analogi peke yake. Mwalimu wa Changamwe anayetaka kukiunganisha kipakatalishi cha mwaka 2003 na runinga ya leo anahitaji king'amuzi kilichogeuzwa: kifaa kinachopokea analogi kutoka kwa mzee na kumpa kijana dijitali. Kifaa hicho ni adapta ya kutoka VGA kwenda HDMI. Huenea kiganjani, na gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya kipakatalishi kipya.

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza, na ndipo fedha za shule zinapopotelea. Madukani huuzwa adapta za namna mbili zinazofanana kama mapacha. Moja hutoka HDMI kwenda VGA, na nyingine hutoka VGA kwenda HDMI. Ya kwanza hutumiwa kuunganisha tarakilishi mpya na projekta kuukuu, kinyume kabisa cha haja yetu. Feri ya Likoni huenda na kurudi, ila adapta hizi huvuka upande mmoja tu. Mnunuzi na aseme waziwazi: ishara inatoka VGA, inaingia HDMI. Tena aitazame ncha. Adapta inayofaa huwa na ncha ya VGA yenye pini za kuingia katika kipakatalishi, tundu la HDMI la kupokea waya wa runinga, na aghalabu kijiwaya cha USB cha kuvuta umeme, kwa sababu kufasiri ni kazi na kazi hutaka nguvu. Adapta isipopata umeme wa kutosha, picha hutokea na kupotea, na mwalimu akaitilia shaka mashine isiyo na hatia.

Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha yoyote, nenda nyuma ya runinga yenyewe ukapapase. Baadhi ya runinga na projekta zina tundu la VGA hadi leo, na hapo waya mmoja tu unatosha. Kamati ya wazazi inayokwenda kununua runinga yapasa iulize habari ya tundu hilo kabla ya kuuliza ukubwa wa kioo. Aidha, tusisahau kwamba VGA haibebi sauti. Anayetaka wanafunzi wasikie matamshi au ngoma hana budi kuvuta waya mwingine kutoka tundu la vipaza sauti vya masikioni hadi kwenye adapta au spika.

Mtego wa pili ni wa amri. Vipakatalishi vingi vya zamani havipeleki picha nje mpaka viambiwe. Amri hiyo hutolewa kwa kubonya kitufe cha Fn pamoja na kimojawapo cha vitufe vya safu ya juu. Katika ThinkPad nyingi za zamani ni F7, katika Toshiba F5, katika Dell F8, na katika HP nyingi F4. Ukibonya mara moja, picha huenda nje. Ukibonya tena, hukaa pande zote mbili. Kijichoro cha skrini kilichochapwa juu ya kitufe ndicho kitakachokuongoza pale mtengenezaji alipofuata utaratibu wake mwenyewe.

Mtego wa tatu ni wa mwendo, nao ndio unaowakatisha watu tamaa zaidi. Tarakilishi ya zamani inapoamka, huandika maneno yake ya kwanza kwa kipimo cha nukta 720 kwa 400, ikiichora upya picha mara 70 kwa sekunde. Runinga nyingi za kisasa hazikubali mwendo huo, nazo hujibu kwamba hakuna ishara. Mwalimu akisoma jibu hilo huchomoa waya, ilhali angesubiri dakika mbili Windows ingefunguka kwa mwendo ambao runinga inauelewa. Mashine mpya huiuliza skrini inaweza kuonyesha nini kabla ya kuipelekea picha. Utaratibu huo wa kuulizana uliwekwa mwaka 1994, na mashine za kabla ya hapo hazijui kuuliza. Huwa zinatoa zilicho nacho, mpokeaji apende asipende.

Dawa yake ni rahisi. Shule na ihifadhi skrini moja ya zamani yenye waya wa VGA, hata kama ni ile nene ya kioo. Kipakatalishi kiunganishwe nayo kwanza, kipimo kiwekwe nukta 1024 kwa 768, au 800 kwa 600 kama mashine ni dhaifu, na mwendo uwe mara 60 kwa sekunde. Kisha kizimwe na kupelekwa kwenye runinga. Skrini hiyo moja, ambayo wengi wangeiuza kwa kilo, ndiyo ufunguo wa kabati zima.

Mtego wa nne ni wa umbo, nao unamhusu hasa mwalimu wa hisabati. Vioo vya zamani vilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na runinga za leo zina uwiano wa 16 kwa 9. Runinga ikiachwa ifanye ipendavyo, huinyoosha picha mpaka ijaze ukuta. Duara lenye kipenyo cha sentimita 30 huwa na upana wa sentimita 40 na urefu ule ule wa 30, yaani huwa yai. Mraba huwa mstatili. Pembe ya digrii 45 hulala hadi karibu digrii 37. Mwanafunzi aliyefundishwa kuamini macho yake atakuwa na haki ya kumbishia mwalimu. Basi tafuta katika mipangilio ya runinga palipoandikwa 4:3 uchague hapo, na mistari myeusi ya kandoni usiionee haya. Afadhali picha nyembamba iliyo ya kweli kuliko picha pana ya uongo.

Zaidi ya hayo kuna madogo madogo. Picha ikiwa na rangi ya kijani-samawati, pini au waya wa rangi nyekundu haugusi. Ikiwa ya manjano, ni samawati iliyokatika. Somo la fizikia kuhusu kuchanganya rangi za nuru limejileta lenyewe darasani. Ukiona pini moja haipo katikati ya waya wa VGA, usidhani imevunjika, kwani waya nyingi hutengenezwa bila pini ya tisa. Pini zilizoota kutu ya chumvi husafishwa kwa spiriti na brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Na betri iliyovimba iondolewe mara moja wala isitiwe umeme tena. Vipakatalishi vingi vya zamani hufanya kazi kwa umeme wa ukutani bila betri.

Sasa tuulize: faida ya taabu yote hii ni nini? Na tuhesabu. Kioo cha kipakatalishi cha inchi 12.1 kina urefu wa kwenda juu wa inchi 7 na kitu. Picha hiyo hiyo ikipelekwa katika runinga ya inchi 43, bila kunyooshwa, huwa na urefu wa inchi 21. Herufi hukua karibu mara tatu, na eneo la picha huzidi mara nane. Mashine iliyokuwa ikitazamwa na wanafunzi wanne waliosongamana sasa yaweza kusomwa na mtoto wa dawati la nyuma. Shule isiyoweza kununua vipakatalishi hamsini imepata darasa la watu hamsini kwa mashine moja.

Faida ya pili ni ya hazina. Ndani ya mashine zile mna maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio, picha za mahafali na orodha za wanafunzi wa miaka iliyopita. Mwalimu aliyestaafu ameacha humo jasho la maisha yake. Kioo kikizimika na tukaitupa mashine, tumeichoma maktaba kwa sababu mlango wake umekwama. Skrini ya nje humwezesha mwalimu kuingia, akanakili kilicho chema, kisha akafuta taarifa za watoto ambazo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, si haki kuziacha zikazagaa.

Faida ya tatu, nami naiweka mbele ya zote, ni ya elimu yenyewe. Wanafunzi wengi hukutana na tarakilishi kama kitu kilichofungwa, cha kubonywa na kutiiwa. Mtaala wa Umilisi umeutaja umilisi wa kidijitali miongoni mwa misingi yake saba, na somo la tarakilishi katika mtihani wa KCSE lina karatasi ya vitendo pamoja na mradi. Lakini umilisi hauji kwa kutelezesha kidole juu ya kioo. Mwanafunzi wa Mtongwe au Bombolulu aliyekaa na wenzake alasiri nzima, wakabahatisha waya, wakapima umeme wa adapta, wakasoma kijitabu cha runinga, wakakosea mwendo wa picha na kuusahihisha, ameelewa ishara, uwiano, masafa na rangi kwa namna ambayo ubao peke yake hauwezi kumpa. Amejua pia kwamba mashine ni kazi ya mikono ya watu, na kwamba mikono yake nayo ni ya watu.

Najua kuna watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Watauliza: kwa nini watoto wa Likoni wafundishwe kupenda makuukuu ilhali wenzao wa shule tajiri wanapewa mapya? Je, huku si kuupamba umaskini? Nami nasema, la. Haki ya mtoto wa shule ya umma kupata vifaa bora haifutwi na mwalimu wake kujua kuunganisha waya. Serikali na idaiwe, tena kwa sauti. Lakini mtoto aliye kidato cha tatu mwaka huu hawezi kuambiwa asubiri bajeti itakayomkuta ameondoka shuleni. Tudai kilicho chetu huku tukitumia tulicho nacho. Isitoshe, ujuzi huu haumfungi mtu katika uzee. Anayejua kumfasiria mzee kwa kijana atajua pia kufasiri vitakavyokuja baada ya HDMI, maana hata tundu hilo litapitwa siku moja.

Wengine watasema kwamba nchi zilizoendelea hutugeuza jaa lao kwa jina la msaada. Hoja hii naikubali, na ndiyo sababu nasema tupime kabla ya kupokea na kabla ya kutupa. Wakazi wa bara wanajua vema kuliko wote kwamba kitu kilichotupwa hakipotei. Kwa miaka mingi taka za mji zilirundikwa Kibarani, hata pakafungwa, nazo taka zikaelekezwa Mwakirunge, Kisauni. Ule mrija wa taa nyuma ya kioo una zebaki, bodi zina risasi, na plastiki za nyaya zikichomwa ili kutoa shaba, moshi wake huingia vifuani mwa watoto wetu, si wa wafadhili. Kila mwaka tunaoongeza katika maisha ya mashine ni mwaka mmoja wa sumu uliozuiwa. Na mashine iliyokwisha kweli ipelekwe kwa wanaojua kuivunja, kama WEEE Centre ya Nairobi, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imetuondolea kisingizio cha kutojua.

Tena tusidanganyane kuhusu uwezo. Kipakatalishi cha mwaka 2000 hakitacheza video za leo wala hakifai kuachwa wazi kwenye mtandao, kwa kuwa ulinzi wake umekwisha zamani. Kinafaa kuandikia, kuchorea grafu, kuonyeshea ramani na michoro, kufundishia programu na hesabu za majedwali. Kile cha mwaka 2010 hivi chaweza zaidi, hasa kikiwekewa toleo jepesi la Linux. Mashine za miaka ya 1980 zenye tundu la pini tisa hazizungumzi VGA, nazo zahitaji vifaa vya pekee. Hizo na ziachiwe makumbusho ya shule, ziwafunze watoto historia. Kupenda kitu kikuukuu si kukipa kazi kisiyoiweza.

Basi ninapendekeza jambo lisilohitaji waraka wala mkutano mkubwa. Katika juma la kwanza la muhula ujao, kila shule yenye kabati kama lile ilifungue. Wanafunzi wa chama cha tarakilishi, chini ya mwalimu wao, wazipange mashine mezani, waziwashe moja moja kwa skrini ya zamani, na waandike daftarini: hii i hai, hii kioo tu ndicho kilichokufa, hii imekwisha. Zilizo hai zibandikwe karatasi yenye kitufe cha kubonya na kipimo cha nukta kinachokubaliwa na runinga ya shule, ili mwalimu wa historia au wa jiografia asihitaji fundi kila asubuhi. Adapta moja na waya zake ziwekwe katika sanduku lenye jina na mlinzi. Na fundi wa mtaa, yule mwenye kibanda cha kutengeneza simu na redio, aalikwe siku moja aje kufundisha. Yeye ni mwalimu ambaye hatujamwajiri.

Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na tena wakatuambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema tukatae vipya. Runinga ile ya ukutani ni mpya, nasi tunaihitaji. Walilosema ni kwamba mwenye busara hutazama alicho nacho kabla ya kukitupa. Katika kabati la shule yako, msomaji, huenda mna mashine kumi zilizofungiwa kwa kosa la tundu kutolingana. Omba ufunguo.